Breki Imeregea

Tulikuwa tumeshapita Bweyogerere, lori la Sufian limepata mwendo wake, na mimi nimekwisha kuvua viatu. Nikivua viatu ndani ya gari, ujue nimeondoka kweli. Kampala nilikuwa nimekaa miezi kumi na moja, na kwangu hiyo ni mingi. Mwezi wa tisa miguu ilianza kuniwasha. Wa kumi nikawa naamka alfajiri, nasimama mlangoni bila sababu. Wa kumi na moja nikiona gari lenye namba ya Kenya nalifuata kwa macho mpaka lipotee. Nina miaka sitini na nane. Watu wa rika langu wana viti vyao vya barazani, mimi bado naomba lifti.

Sufian, Muganda wa Mpigi, alikuwa anapeleka mahindi Busia. Kutoka hapo ningevuka mpaka, nitafute basi la Mombasa, ambako mtu niliyefanya naye kazi bandarini zamani alisema kuna kazi ya kuangalia minyororo. Kazi yangu ndiyo hiyo. Naangalia vitu vinavyonyanyua vitu: winchi, minyororo, kamba za chuma, kulabu, jeki. Shule nilisoma vipande vipande, darasa la pili Kampala, la tatu Kisumu, la tano nililikuta Bukavu kwa Kifaransa nikalikimbia. Lakini kulabu iliyofunguka mdomo kidogo tu naiona nikiwa bado mlangoni.

Kampala nilikuwa nafuatilia kazi za Injinia Munirah, binti wa Kinubi wa Bombo, mwembamba, mkali, mwenye kibali cha serikali cha kukagua mitambo ya kunyanyulia. Karakana ikitaka winchi yake ipite, inamwita yeye. Anakuja mara ya kwanza, halafu ananituma mimi nirudi kuona kama yale aliyoagiza yamefanywa. Nikimpa ripoti, anaandika cheti. Winchi nzima inabandikwa stika ya kijani yenye namba yake. Mbovu inabandikwa nyekundu, na hapo hainyanyui hata ndoo ya maji mpaka nirudi mimi.

Wiki moja kabla ya safari yangu, tulibandika nyekundu kwa Haji Abdul-Latif, mwenye karakana ya malori chini ya kilima cha Mbuya, upande wa Kinawataka. Winchi yake ni ya umeme, imening'inia kwenye boriti, na inaendeshwa na Filda, mwanamke wa Kitgum, kwa kidude chenye vitufe viwili, juu na chini. Ukibonyeza kitufe, mota ndiyo inayoshika mzigo. Ukiachia, mota inazima na mzigo unabaki mikononi mwa breki peke yake. Siku ile tulinyanyua uzito wa majaribio, Filda akaachia, na mzigo badala ya kusimama ukashuka shubiri nzima ndiyo ukatulia.

Haji hakubisha. Wengi hubisha. Fundi wake, Siraje, aliifungua breki na kuipeleka Katwe kwa mtu anayebandika pedi mpya. Siku mbili, mtu wa Katwe alisema. Zikawa tano.

Utaratibu unajulikana. Breki ikirudi inafungwa, mimi nakwenda, tunanyanyua uzito mara tano, napima kwa rula umeshuka kiasi gani, ndipo kijani. Lakini Sufian alikuwa anaondoka Ijumaa. Alhamisi jioni nikapita karakana. Breki bado iko Katwe, na injini ya lori la mteja inangoja kurudishwa Ijumaa baada ya swala. Haji alikuwa anazunguka uani na tasbihi yake kama mtu aliyefiwa. Mfukoni nilikuwa na stika tatu za kijani ambazo Munirah alinipa, zimeshapigwa muhuri. Nikampa Siraje moja. Nikamwambia, "Breki ikirudi, nipigie." Kisha nikampigia Munirah, nikamwambia winchi ya Haji nimeipima, imepita. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Ijumaa saa mbili asubuhi nikiwa nakunja nguo, simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Siraje mtu anakata chuma.

"Mzee, breki imeregea!"

"Alhamdulillah! Imeregea saa hizi?"

"Ee, saa hii hii. Sasa tufanye nini?"

"Fungeni, mbandike ile stika, muendelee na kazi."

"Tufunge tu?"

"Fungeni vizuri."

"Kale, sawa, mzee. Safari njema. Tuletee halua."

Nikafunga begi nikaenda kumngoja Sufian.

Basi tunakaribia Seeta, Sufian akatazama kioo cha pembeni, akatia mguu kwenye breki.

"Banange. Kamba imeregea."

"Imeregea kutoka wapi?"

"Kutoka wapi nini?"

"Hiyo kamba. Ilikuwa imekwenda wapi?"

Sufian aligeuka akanitazama kama mtu anavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, kwa huruma, na kidogo anajuta kumpakia.

"Mzee, kamba inakwenda wapi? Imeregea! Haijakaza! Turubai inapigapiga huko nyuma kama bendera." Akanilegezea mkono wake mbele ya uso ili nielewe. "Hivi. Imeregea."

Akasimamisha lori pembeni, akateremka kwenda kuikaza. Mimi nikabaki kwenye kiti, na miguu yangu mitupu ikawa baridi.

Inafaa nieleze, maana mtu wa Kampala atanicheka. Najua vizuri kwamba huku watu wanazibadilisha herufi mbili, l na r. Miaka yote nasikia rori, nasikia kurara, nasikia mukubwa wa porisi, na sijapata kukosea. Lakini neno hilo moja kwangu lina mwenyewe. Nililelewa na bibi, mama wa baba. Watu wetu walikuja na misafara kutoka pwani wakabaki Kampala, na ndani ya nyumba Kiswahili cha Mombasa hakikutoka kwa vizazi vinne. Bibi hakusema rudi. Alisema regea. Regea mapema. Regea na chumvi. Baba yako hajaregea. Neno limeniingia kabla sijaota meno. Na siku ile nilikuwa nangoja breki irudi, nataka irudi, sina muda wa jambo lingine. Fundi wa Kampala akaniambia imelegea, mimi nikasikia amenipa ruhusa ya kusafiri.

Na yeye je, alisikia nini? Breki ilikuwa imeshatoka Katwe na kufungwa, akanieleza ubovu wake, akaniuliza afanye nini. Mzee mwenye stika akamjibu alhamdulillah, fungeni, bandikeni, endeleeni. Kufunga kwangu kulikuwa kuirudisha mahali pake. Kwake, ni kukaza. Breki ile ina boliti moja ya kurekebishia. Ukiikaza kwa nguvu juu ya pedi zilizobandikwa vibaya, inashika. Inashika mara ya kwanza, mara ya pili, unafurahi. Pedi zikipata moto inaachia. Na kurudisha injini ya lori lazima kuna wakati mtu anaingia chini yake. Kwa Haji, mtu huyo ni Siraje.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Nikampigia Siraje, simu imezimwa. Nikampigia Haji, imezimwa. Ijumaa, wako msikitini, na Haji ndiye anayewapigia kelele wengine wazime simu. Filda si Mwislamu, angekuwa karakana, lakini namba yake sikuwa nayo. Miezi kumi na moja namwona, sikuwahi kumwomba.

Ikabaki namba moja. Niliitazama mpaka Sufian akapanda akawasha gari.

"Twende, mzee."

"Ngoja."

Munirah alipokea mlio wa kwanza.

"Munirah, ile winchi ya Haji sikuipima."

"Baba, sema tena."

"Sikuipima. Breki ilikuwa haijarudi. Niliwaachia stika, nimetambua sasa hivi breki imelegea, na wananyanyua injini wakitoka msikitini."

"Uliwaachia stika yenye namba yangu."

"Ndiyo."

"Uko wapi?"

"Seeta."

"Seeta kuna winchi gani?"

"Hakuna. Nilikuwa naondoka."

Nilisikia nyuma yake watu wanaongea na mlango wa chuma unafungwa.

"Mimi niko Kansanga, juu ya lifti ya ghorofa, nimefungwa mkanda," akasema. "Nikishuka sasa, na barabara ya Ggaba ilivyo, ni saa nzima na zaidi. Wewe ndiye wa karibu. Chukua boda. Unanisikia? Ukifika usipige kelele, usimshtue Filda. Na mtu asikate umeme."

"Najua."

"Unajua," akasema, akakata.

Nikavaa viatu bila kufunga kamba. Sufian alikuwa amesikia yote, na sasa hakuwa na huruma tena ya kumtazama mzee aliyechanganyikiwa.

"Mzee, mimi mpaka Jumanne ndiyo napita tena. Na nafasi siahidi."

"Nenda, Sufian."

"Watu wakubwa nyinyi," akasema, sijui kwa maana gani, akanishushia begi langu dirishani.

Mwenye boda nilimwambia Kinawataka, upesi. Akaniuliza kama nakimbilia mazishi. Nikamwambia bado. Hakuuliza tena. Pale Kireka magari yalikuwa yamesimama, akapanda juu ya njia ya miguu, mama mmoja akatutukana na wazazi wetu, begi likagonga kioo cha gari la mtu, na hatukusimama. Kila mara nilipojaribu simu, zimezimwa. Nilikuwa nahesabu hotuba ya imamu kichwani. Kuna maimamu wa dakika kumi na wa dakika arobaini, na mara ya kwanza maishani niliomba awe wa arobaini.

Alikuwa wa kumi. Nilipoingia getini ilikuwa saa nane kasoro robo na winchi inanguruma.

Injini ilikuwa hewani, usawa wa kifua cha mtu, inapanda taratibu. Stendi ya chuma ambayo injini ilikuwa imeikalia ilikuwa imegoma kuachana nayo, boliti moja imeng'ang'ania, ikapanda nayo. Siraje alikuwa amechuchumaa chini kabisa, spana mkononi, uso juu, anaifungua. Filda amesimama hatua nne kutoka hapo, kidole gumba kwenye kitufe cha juu. Pembeni, kwenye mwili wa winchi, stika yangu ya kijani, imebandikwa sawasawa, wala haina kikunjo.

Mwili wote ulitaka kukimbia. Nilitembea. Nilipita nyuma ya Filda nikaweka kidole changu juu ya kidole chake.

"Filda, mwanangu, usiachie."

Akaruka kidogo, lakini mkono wangu ulikuwa juu ya wake.

"Mzee? Wewe si ulisafiri?"

"Usiachie kitufe. Endelea kupandisha."

"Siraje anasema nisimamishe hapa hapa."

"Mimi nasema pandisha. Ukiachia inashuka."

Alinielewa papo hapo. Siku ile ya majaribio kidole kilichoachia kilikuwa chake.

"Siraje," nikaita, sauti ya kawaida. "Toka."

"Eeh! Mzee Uthman!" Alicheka kule chini bila kugeuka. "Busia imesogea mpaka hapa?"

"Toka chini."

"Boliti moja tu, ssebo. Nusu dakika. We Filda, nimesema simama, mbona unaipandisha? Nitaifikia kwa ngazi?"

"Breki haishiki, Siraje."

"Inashika! Tumeinyanyulia giaboksi mara mbili asubuhi. Si wewe ulisema fungeni? Nikafunga. Nikafunga mpaka spana inalia."

"Nilisikia imerudi."

"Nani amerudi?"

Juu ya kichwa cha Filda nilikuwa natazama mnyororo. Kulabu ilikuwa imebakiza kama mita moja kufika mwisho. Pale juu kuna swichi inayozima mota yenyewe ili winchi isijivunje. Mota ikizima, kidole chetu hakina kazi tena. Tungeweza kuhamia kitufe cha chini, tuishushe kwa mota, lakini kati ya kuachia kimoja na kubonyeza kingine kuna nukta ambayo ni ya breki peke yake, na Siraje alikuwa chini ya nukta hiyo.

Haji akatokea ofisini na kanzu yake ya Ijumaa, mkononi kikombe cha chai ya tangawizi. Alinitazama, akatazama injini, akaelewa kwamba kuna ubaya, na akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akakimbilia swichi kubwa ya ukutani.

"Nikate umeme?"

"Haji, usiguse!"

"Nikate?"

"Mota ndiyo imeishika! Ukikata umemuua!"

Akabaki mkono hewani, chai inammwagikia kwenye kanzu.

Na Siraje bado yuko chini. Sasa alikuwa amekasirika. Mtu akikasirika anataka kumaliza alichoanza. Akainuka nusu, akanyoosha mkono kuifuata ile boliti inayompanda juu.

"Mnanichezea," akasema. "Asubuhi fanyeni, mchana msifanye. Wazee nyinyi hamjui mnataka nini."

Ni Filda aliyemtoa. Sijui kama alipanga.

"Siraje, toka, mjinga wewe!" akapiga kelele. "Kidole kimekufa ganzi! Mimi naachia!"

Akatoka. Alitoka kwa kinyongo, akiinama, akapangusa mikono kwenye ovaroli, akasimama karibu na Haji kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nikamvuta hatua mbili zaidi kwa ukosi. Wakati huo huo swichi ya juu ikalia *tak*, mota ikanyamaza.

Injini ilisimama. Ikaning'inia pale juu, inazunguka kidogo, kimya.

"Unaona?" Siraje akasema. "Imeshika."

Ikashuka shubiri. Ikasimama tena, kama inafikiri. Halafu ikashuka mkono mzima, halafu ikaja yote.

Ilianguka na ile stendi chini yake. Stendi ikachomoka kwa pembeni kama kitu kilichopigwa teke, ikapita sakafuni, ikampata Filda kwenye mguu wa kulia chini ya goti. Alikuwa bado amesimama palepale, kidude mkononi, kidole kwenye kitufe. Nilikuwa nimemwambia asiachie, na hakuachia. Nilipotoka kumvuta Siraje, ilipasa nimtoe na yeye, kwa kuwa kidude hakikuwa na maana tena baada ya swichi kuzima. Sikufikiri. Nilikuwa namfikiria aliye chini tu.

Siraje ndiye aliyefika kwake kwanza. Alipiga magoti, akashika ule mguu juu ya mahali palipovunjika, akawa anamwambia maneno ya Kiganda ambayo Filda hayajui. Haji alivua kilemba akakitoa kikafungiwa mguu. Baadaye, tulipokuwa tunamngoja mwenye gari, Siraje aliinua uso akaniuliza polepole, "Mzee, wewe ulisikia nini?" Nikamwambia. Akalirudia neno mara mbili mdomoni, kwa namna yake na kwa namna ya bibi yangu. Hakucheka.

Munirah alifika saa tisa na nusu. Alipiga picha ya winchi, ya boliti, ya stika. Akaniomba zile stika mbili zilizobaki mfukoni, nikampa.

Jumatatu aliandika barua mwenyewe kwa ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, akataja namba ya stika, jina lake na jina langu. Walimsimamisha miezi minne. Amerudi kazini, na sasa anayemfuatilia kazi ni Farhana wa Jinja, ambaye hapokei ripoti ya simu ya fundi, anataka kuona kwa macho. Karakana ya Haji Abdul-Latif ilifungwa wiki tano. Mwenye lori alitafutiwa injini nyingine. Winchi ilishushwa ikauzwa kama chuma chakavu, na mtu wa Katwe hakupatikana. Siraje aliacha kazi ya malori, yuko Kansanga anatengeneza magari madogo. Sufian alifika Busia jioni ileile. Mguu wa Filda ulikuwa umevunjika mahali pawili, ukafanyiwa upasuaji mara mbili, ukabaki mfupi kidogo kuliko mwenziwe. Alidai fidia, na mimi nilikuwa shahidi wake, kwa hiyo nilikaa Kampala mpaka shauri likaisha, mwaka mmoja na miezi saba. Alishinda. Anafanya kazi stoo, palepale kwa Haji, amekaa kwenye kiti. Mimi nilikatazwa kukagua. Shauri lilipoisha nilingoja siku tatu, nikapanda basi la Arua.